Edmond Thieffry: Rubani aliyefungua njia ya ndege kati ya Ubelgiji na Kongo, akafia karibu na Ziwa Tanganyika

Tarehe 11 Aprili 1929, ndege ndogo ya Kifaransa aina ya Aviméta 92 ilianguka wakati wa tufani karibu na Ziwa Tanganyika, mashariki mwa Kongo. Edmond Thieffry, rubani na mwanasheria Mbelgiji mwenye umri wa miaka 36, alifariki pamoja na mwenzake Gaston Julien. Mtu wa tatu aliyekuwa ndani ya ndege hiyo alinusurika.

Thieffry alikuwa tayari mtu mashuhuri. Miaka minne kabla ya kifo chake, aliongoza safari ya kwanza ya ndege kutoka Ubelgiji hadi Kongo. Safari hii ya mwisho ilikuwa na kusudi lingine: alikuwa akichunguza namna ya kuanzisha usafiri wa ndege ndani ya Kongo yenyewe. Kwa wakaaji wa Fizi, Baraka na vijiji vya kando ya ziwa, kazi hiyo aliyoiacha njiani inawagusa mpaka leo.

Mwanasheria aliyegeuka rubani

Thieffry alizaliwa tarehe 28 Septemba 1892 huko Etterbeek, mjini Brussels. Alisomea sheria katika chuo kikuu cha Louvain. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, alikuwa askari. Wajerumani walimkamata, lakini aliwatoroka kwa pikipiki hadi Uholanzi, kisha akarudi katika jeshi la nchi yake.

Mwaka 1915 alijiunga na kikosi cha ndege. Mwanzoni aliharibu ndege kadhaa katika mafunzo, ila baadaye akawa mmoja wa marubani hodari wa Ubelgiji, akihesabiwa kuwa ameangusha ndege 10 za adui. Februari 1918 yeye pia aliangushwa na kufungwa na Wajerumani hadi vita vilipomalizika.

Baada ya vita alirudia uanasheria, lakini hakuacha mambo ya ndege. Kampuni ya Sabena ilipoanzishwa mwaka 1923, alikuwa miongoni mwa watu waliotaka iunganishe Brussels na Kongo, iliyokuwa koloni la Ubelgiji wakati huo.

Siku 51 njiani

Zamani hizo, msafiri kutoka Ubelgiji alipanda meli kwenye bandari ya Antwerp na kufika Matadi baada ya wiki mbili au tatu. Kutoka hapo alipanda treni hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo. Aliyetaka kufika Ziwa Tanganyika alikuwa bado na safari ndefu ya meli za mtoni na treni hadi Albertville, ambayo sasa ni Kalemie.

Tarehe 12 Februari 1925, Thieffry aliondoka Brussels pamoja na rubani Léopold Roger na fundi Jef De Bruycker. Ndege yao ilikuwa Handley Page yenye injini tatu, iliyopewa jina la binti wa mfalme, Marie-José. Walipita Ufaransa na Hispania, wakavuka bahari hadi Algeria, wakakata jangwa la Sahara, kisha Niger, Chad na Bangui.

Hakukuwa na huduma ya kutegemea njiani. Mafuta yaliandaliwa mapema kwenye vituo, na kifaa kikivunjika ilibidi kungoja kingine. Walitua Léopoldville tarehe 3 Aprili 1925, baada ya siku 51 na zaidi ya kilomita 8,000. Muda waliokaa hewani ulikuwa kama saa 75 tu. Siku nyingine zote ziliishia chini, katika kungoja na kutengeneza.

Kwa hesabu ya siku, meli ingewafikisha haraka zaidi. Lakini safari hiyo ilionyesha kwamba njia ipo, na kwamba tatizo lilikuwa viwanja, mafuta na vipuri.

Njia ilifika magharibi kwanza

Mwaka 1926 marubani wengine Wabelgiji walienda Kongo kwa ndege na kurudi. Thieffry alijaribu tena safari ya Kongo bila kufaulu, kisha akageukia usafiri wa ndani, kazi iliyompeleka hadi kando ya Tanganyika.

Sabena ilifungua usafiri wa kawaida kati ya Brussels na Léopoldville tarehe 23 Februari 1935. Ndege ya kwanza, Fokker yenye injini tatu, ilibeba jina la Edmond Thieffry. Ilitumia siku tano na nusu badala ya 51.

Njia hiyo ilitengenezwa kwa faida ya koloni: barua, wakubwa wa serikali na wafanyabiashara. Wakongo waliofyeka vichaka na kusawazisha viwanja kwa jembe hawakuwa wasafiri wake, na majina yao hayakuandikwa popote. Jina la Thieffry, kwa upande wake, limebaki kwenye kituo cha metro huko Etterbeek. Sabena yenyewe ilifilisika mwaka 2001.

Fizi bado inategemea ziwa

Karibu karne moja baada ya ajali ile, mkaaji wa Baraka anayeenda Uvira au Kalemie hutegemea boti, au barabara ya taifa namba 5, ambayo wakati wa mvua hugeuka matope na wakati wa vita hufungwa. Mgonjwa, mwanafunzi na mchuuzi wa samaki wote hupitia huko huko.

Viwanja vikubwa vya karibu navyo havina uhakika. Mapema mwaka 2025, safari za abiria zilisimama Goma na Kavumu baada ya waasi wa M23 kuiteka miji ya Goma na Bukavu.

Maisha ya Thieffry yanaonyesha kwamba rubani shujaa anaweza kufungua njia kwa siku moja, lakini kinachoifanya idumu ni uwanja unaotunzwa, mafuta yanayofika, usalama na nauli ambayo watu wanaimudu. Hayo ndiyo ambayo Fizi bado inayangojea.