Ibn Battuta: Msafiri Aliyeanza kwa Machozi



Ndugu msomaji, ukiulizwa kwenye chemsha bongo ni Mwislamu gani wa zamani anayesifika kwa kuzunguka dunia, bila shaka utajibu Ibn Battuta, na alama utapata. Lakini wachache wetu tunakumbuka kwamba alipoanza safari alikuwa kijana wa rika letu, na kwamba safari ile alilipia kwa kitu kikubwa kuliko nauli.

Jina lake ni Muhammad bin Abdillah. Alizaliwa Tangier, Morocco, mwaka 1304, katika ukoo wa makadhi wa madhehebu ya Imam Malik. Mwezi wa Rajab mwaka 725 Hijria, yaani Juni 1325, aliwaaga baba na mama yake, akatoka peke yake kwenda Hija. Alikuwa na miaka 21.

Msafara alioungana nao ulipofika Tunis, watu wa mji walitoka kuwalaki wageni wao. Kila mmoja alisalimiwa na anayemjua. Yeye hakusalimiwa na mtu, maana hakuna aliyemjua. Akalia. Hujaji mmoja aliiona hali yake, akamwendea, akamsalimu na kuzungumza naye mpaka wakaingia mjini. Msafara wa mahujaji ulipoondoka Tunis, kijana yuleyule ndiye aliyeteuliwa kuwa kadhi wake.

Baada ya Hija hakurudi nyumbani. Mwaka 1331 alifika pwani ya Afrika Mashariki. Mogadishu alipangiwa nyumba ya wanafunzi, akaletewa wali wa samli pamoja na kuku, nyama, samaki na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Sisi wa mabweni tuna haki ya kuona wivu kidogo! Mombasa alilala usiku mmoja, kisha akaenda Kilwa, ambako sultani alisifika kwa ukarimu: alipoombwa nguo zake na fakiri baada ya sala ya Ijumaa, alizivua akampa.

Kila alikokwenda, elimu ya sheria ndiyo iliyomfungulia milango. Alikuwa kadhi Delhi chini ya Sultani Muhammad bin Tughluq, akawa kadhi tena visiwa vya Maldivi, na safari zake zikamfikisha hadi China.

Mwaka 1348, akiwa njiani kurejea, alipita Damascus. Huko nyuma alikuwa amemwacha mke mjamzito, na akiwa India alipata habari kwamba amezaliwa mtoto wa kiume. Akauliza habari za mwanawe, akaambiwa alifariki miaka kumi na miwili iliyopita. Akakutana na mtu kutoka Tangier, akamuuliza habari za wazazi wake. Baba alikuwa amefariki miaka kumi na mitano nyuma. Mama yu hai. Kwa miaka yote hiyo alikuwa yatima bila kujua.

Mwaka uliofuata aliingia Morocco. Tauni ilikuwa ikiangamiza watu kila mahali. Kabla hajafika Tangier alipata habari kwamba mama naye amekufa kwa ugonjwa huo. Alirudi mji aliozaliwa baada ya miaka 24, akaenda kuzuru kaburi.

Baadaye alisafiri tena mpaka Mali. Kisha, kwa amri ya Sultani Abu Inan wa Fez, alimsimulia safari zake mwandishi Ibn Juzayy, na kitabu kikakamilika mwaka 1355. Miaka yake ya mwisho aliishi Morocco akiwa kadhi.

Kutafuta elimu mbali na kwao si kosa, na kitabu chake kinatufaa mpaka leo. Ila yeye barua yake ingechukua miezi au miaka kufika, nasi tuna simu mfukoni. Ndugu yangu, kabla hujageuza ukurasa, mpigie mama. Na ukitoka msikitini jioni ukamwona mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amesimama peke yake, mpe salamu. Huenda yuko Tunis yake.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazazi wetu walio hai, na awarehemu waliotangulia. Amin.