Maisha ya Sir James Mackenzie, Daktari Aliyejua Kungoja

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mara nyingi katika kurasa hizi tumesoma habari za watu mashuhuri walioshinda vita, au walioongoza mataifa, au waliovumbua dawa. Leo napenda kuwasimulia maisha ya mtu ambaye sehemu kubwa ya kazi yake njema ilikuwa kuwaambia watu fulani kwamba hawakuwa wagonjwa. Jambo hilo laweza kuonekana dogo. Lakini kabla ya kulisema ilimpasa kuangalia na kungoja kwa miaka mingi. Jina lake ni Sir James Mackenzie, daktari wa Uskoti.

Kwanza nitaeleza sababu ya kumchagua. Mwaka jana tulipopimwa afya kabla ya mbio za nyika, mimi niliwekwa kando kwa kuwa moyo wangu ulikuwa ukiruka mapigo. Muhula mzima nilikaa chini ya mwembe nikilinda nguo za wenzangu. Usiku bwenini, watu wote wakiisha lala, nilikuwa nikisikia moyo unasita kama mtu aliyejikwaa, kisha unapiga kwa kishindo, nami nikidhani kwamba siku zangu zimehesabika. Wakati wa likizo baba alinipeleka hospitali kubwa. Daktari alinipima kwa vyombo vyote alivyokuwa navyo, akasema kwamba moyo wangu ni mzima, na mapigo yale yanayoruka hayana madhara. Aliponiona bado nina wasiwasi, alinitajia jina la Mackenzie. Ndipo nilipoanza kutafuta habari zake.

James Mackenzie alizaliwa tarehe 12 Aprili, 1853, katika shamba lililokuwa karibu na Scone, nchini Uskoti. Baba yake alikuwa mkulima. Shuleni hakuhesabiwa kuwa mwenye akili nyingi, na alipokuwa na umri wa miaka 15 aliacha masomo akaenda mjini Perth kujifunza kazi katika duka la dawa. Huko aliwaona madaktari, akatamani kuwa kama wao. Basi katika mwaka 1874, alipokuwa na umri wa miaka 21, aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh kusoma uganga, akafuzu mwaka 1878. Wenzangu mnaokata tamaa kwa sababu ya alama za mtihani mmoja, lishikeni jambo hilo.

Mwaka 1879 alikwenda kufanya kazi Burnley, katika jimbo la Lancashire, Uingereza. Burnley ulikuwa mji wa viwanda vya kufuma nguo za pamba na machimbo ya makaa ya mawe. Wagonjwa wake walikuwa wafanyakazi wa viwanda, wachimba makaa, wake zao na watoto wao. Aliwatibu kila ugonjwa, akazalisha akina mama, na mara nyingi aliitwa usiku kwenda nyumba za watu. Hakuwa bingwa wa moyo, wala hapakuwa na mtu aliyemtazamia kuwa hivyo.

Lililomgeuza ni msiba. Mwanamke mmoja mja mzito, aliyekuwa na ugonjwa wa moyo, alifariki wakati wa kujifungua, na Mackenzie alikuwapo. Jambo hilo lilimchoma sana. Alijiuliza kama angaliweza kuitambua hatari ile mapema. Alipofungua vitabu hakupata jibu la kumridhisha. Vilitaja dalili nyingi za moyo, lakini havikueleza ni dalili ipi yenye hatari na ipi isiyo na hatari, kwa sababu wengi wa walioviandika walikuwa madaktari wa hospitali kubwa. Daktari wa namna hiyo humwona mgonjwa kwa majuma machache, kisha mgonjwa hurudi kwao asionekane tena. Mackenzie aliishi pamoja na wagonjwa wake. Aliona kwamba yeye, daktari wa mji mdogo, anayo nafasi ambayo mabingwa hawakuwa nayo: kumwangalia mtu yule yule mwaka baada ya mwaka, na kuona mwisho wake.

Hapo inafaa tukumbuke mambo yalivyokuwa zamani zile. Daktari alipoushika mshipa wa mkono akaona mapigo hayaendi sawasawa, mara nyingi aliamini kwamba moyo una ugonjwa. Watu wengi waliambiwa walale kitandani, waache kazi, wasikimbie, wasipande ngazi. Watoto walikatazwa kucheza. Makampuni ya bima yaliwakataa. Basi mtu aliyekuwa na nguvu zake aliishi kama mgonjwa, na hofu yenyewe ikamwongezea mapigo ya moyo.

Mackenzie alianza kuyaandika mapigo kwa chombo. Baadaye alibuni chombo chake mwenyewe, na fundi saa wa sehemu zile akamsaidia kukitengeneza vizuri. Chombo hicho kiliandika mambo mawili kwa pamoja juu ya ukanda wa karatasi: mapigo ya mshipa wa mkono, na mapigo ya mshipa wa shingoni. Mshipa wa mkono huonyesha kazi ya vyumba vya chini vya moyo. Mshipa wa shingoni huonyesha kazi ya vyumba vya juu. Kwa kuilinganisha mistari hiyo miwili aliweza kujua ni nini kinachoharibu mwendo wa moyo. Alikichukua chombo chake hata kando ya vitanda vya wagonjwa, akahifadhi karatasi zao pamoja na habari zao.

Mambo aliyoyapata yalikuwa ya namna tatu. Ya kwanza ni mapigo ya vijana, ambayo huenda upesi mtu avutapo pumzi, na huenda polepole aitoapo. Hata wewe msomaji waweza kujijaribu sasa hivi: weka vidole juu ya mshipa wa mkono, vuta pumzi polepole, kisha itoe. Hiyo ni kawaida ya moyo wenye afya.

Namna ya pili ni pigo la mapema, nalo ndilo langu mimi. Sehemu moja ya moyo hupiga kabla ya zamu yake, kama mtu aliyepiga kengele ya shule kabla ya saa kufika. Kwa kuwa moyo haujapata nafasi ya kujaa damu, pigo hilo ni dhaifu, na pengine kidole hakilisikii kabisa mkononi. Ndiyo maana twadhani kwamba moyo umeruka. Kisha moyo hupumzika kuliko kawaida, hujaa damu zaidi, na pigo linalofuata huwa na nguvu. Kile kishindo kilichokuwa kikinitia hofu usiku kilikuwa ni pigo la moyo uliojaa vizuri.

Namna ya tatu ni mapigo yasiyo na utaratibu wowote, yanayoendelea bila kutulia. Hayo aliyaona hasa kwa watu wenye moyo uliokwisha haribika, nayo yalihitaji matibabu. Mackenzie aliona kwamba hapo kazi ya vyumba vya juu imetoweka katika mistari yake, akadhani kwamba vyumba hivyo vimepooza. Katika jambo hilo hakupata ukweli wote. Mwaka 1909 Thomas Lewis, daktari kijana ambaye Mackenzie mwenyewe alimtia moyo kuchunguza mapigo, alionyesha kwa chombo cha umeme kwamba vyumba hivyo havikupooza, bali hutetemeka ovyo.

Lakini kuzitenganisha namna hizo kwenye karatasi hakukutosha. Nani angethubutu kumwambia mtu kwamba pigo la mapema halina hatari, kabla ya kuona litamfikisha wapi? Hapo ndipo subira ya Mackenzie ilipoonekana. Aliwafuata watu wake kwa miaka mingi. Aliwaona wakifanya kazi, wakizaa, wakizeeka. Aliona kwamba wengi waliokuwa na mapigo ya mapema, na ambao moyo wao haukuwa na kasoro nyingine, waliendelea na maisha yao kama watu wengine. Ndipo alipopata haki ya kuwaambia waondoke kitandani. Mwaka 1902 alitoa kitabu kikubwa juu ya mapigo ya mshipa, na mwaka 1908 kingine juu ya magonjwa ya moyo. Madaktari wa nchi mbalimbali walistaajabu kwamba elimu hiyo imetoka katika mji wa viwanda.

Mwaka 1907, baada ya kukaa Burnley zaidi ya robo karne, alihamia London. Mwanzoni wagonjwa walikuwa wachache, lakini baadaye sifa zake zilienea. Mwaka 1915 alipewa cheo cha Sir, na mwaka huo huo akaingizwa katika chama kikuu cha wataalamu wa sayansi wa Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alishiriki katika kazi ya kuwaangalia askari waliorudishwa kwa sababu ya moyo, na ikaonekana kwamba wengi wao hawakuwa na ugonjwa wa moyo hata kidogo. Mwaka 1918 aliuacha utajiri wa London, akarudi Uskoti, na mwaka 1919 akaanzisha katika mji wa St Andrews chuo cha uchunguzi, ili madaktari wa kawaida wajifunze kuzitambua dalili za mwanzo za magonjwa.

Yeye mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa moyo, tena ule wa kweli, wa mishipa inayoulisha moyo wenyewe, nao ulimpa maumivu ya kifua kwa miaka mingi. Aliuchunguza kama alivyochunguza ya wagonjwa wake, akaendelea na kazi. Alifariki London tarehe 26 Januari, 1925, akiwa na umri wa miaka 71. Alikuwa ameagiza kwamba baada ya kufa kwake moyo wake uchunguzwe, ili wengine wajifunze, na ikafanyika hivyo.

Siku hizi vipo vyombo ambavyo Mackenzie hakuwa navyo, na madaktari wamegundua kwamba watu wengi wenye afya hupata mapigo ya mapema mara kwa mara bila hata kujua. Kukosa usingizi, wasiwasi, homa, kahawa nyingi, tumbaku na pombe huweza kuyaongeza. Lakini asiwepo mtu atakayesoma habari hizi akajitibu kwa gazeti. Kwanza lazima daktari aupime moyo, kwa maana ni moyo usio na kasoro nyingine ndio uwezao kuachwa ujiendee. Tena mtu akizimia, au moyo ukimwenda mbio bila kutulia, au akipata maumivu ya kifua au kukosa pumzi, au kama katika ukoo wake yuko kijana aliyekufa ghafla, asikae kimya. Mackenzie hakuwafundisha watu kudharau moyo. Aliwafundisha kutofautisha.

Mimi bado ninayo mapigo yangu. Siku nyingine hayahesabiki, hasa wakati wa mitihani. Siku nyingine siyasikii kabisa. Muhula huu nilikimbia mbio za nyika, nikawa wa 31 kati ya 64, na nilipofika mwisho nilikuwa nikihema kama wenzangu wote. Mama yangu angali anamwambia mdogo wangu abebe ndoo ya maji niliyokwisha ishika mimi. Simlaumu, kwa maana hofu yake ni ya upendo, na hata wagonjwa wa Burnley hawakuamini kwa siku moja. Gazeti hili nitampelekea nyumbani tukifunga shule. Akiisha lisoma, nitaichukua ndoo.