Maisha ya Curt Flood, Mchezaji Aliyekataa Kuuzwa

Kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hata mwisho wa Februari, serikali hufunga uvuvi katika ziwa letu la Mweru ili samaki wapate kuzaa. Siku hizo nyavu huanikwa, mitumbwi hupumzishwa ufukoni, na watu wa Kabuta huzungumza habari za msimu ujao: nani atavua na tajiri gani, na ni tajiri yupi alipaye vizuri.

Huko Marekani nako kuna mchezo uitwao besiboli, unaochezwa kwa gongo na mpira mdogo mgumu. Mchezo huo nao hufungwa wakati wa baridi. Ndipo wapenzi wake hubishana mchana na usiku: timu yao imtoe nani, ichukue nani badala yake, na fedha za mishahara zitatosha au hazitatosha. Lakini ipo tofauti moja. Mvuvi wetu akiisha kumaliza kazi aliyoahidi na kulipwa haki yake, yu huru kwenda kwenye mtumbwi wa mtu mwingine. Mchezaji wa besiboli hakuwa na uhuru huo kwa muda wa karibu miaka 100. Mtu aliyesimama mbele ya mahakama kuupinga utaratibu huo aliitwa Curt Flood, nami nataka kuwasimulia maisha yake.

Curtis Charles Flood alizaliwa tarehe 18 Januari 1938 katika mji wa Houston, jimbo la Texas. Alikuwa kitinda mimba katika jamaa ya watu weusi wasio na mali. Alipokuwa angali mdogo wazazi wake walihamia Oakland, California, na huko ndiko alikokulia. Hakuwa mtu wa kimo kikubwa, lakini mbio zake zilikuwa nyingi na macho yake yalikuwa makali. Tena alipenda sana kuchora picha, na kipaji hicho hakikumwacha alipokuwa mtu mzima.

Mwaka 1956, akiwa kijana wa miaka 18, aliandikwa na timu ya Cincinnati kwa mshahara wa dola 4,000. Timu ilimpeleka kwanza katika timu ndogo za majimbo ya kusini ili ajifunze kazi. Siku zile sheria na desturi za kusini ziliwatenga watu weusi na weupe. Wenzake weupe walipoingia hotelini kula, Flood alibaki nje katika basi akingoja kuletewa chakula. Hata nguo zake za mchezo zilitengwa, zisifuliwe pamoja na za wenziwe. Usiku alilia, lakini mchana alicheza vizuri kuliko wengi wao.

Desemba 1957, alipokuwa akicheza Venezuela wakati wa mapumziko, alipata habari kwamba Cincinnati imekwisha kumtoa kwa timu ya St. Louis Cardinals na kupewa wachezaji wengine. Hakuna aliyemwuliza neno. Alikuwa na umri wa miaka 19, umri wangu mimi niandikaye habari hizi. Siku ile aliweka nia moyoni kwamba jambo kama hilo halitamfika mara ya pili.

Sasa yafaa nieleze utaratibu wenyewe. Mchezaji alitia sahihi mkataba wa mwaka mmoja. Lakini ndani yake kilikuwapo kifungu kilichompa mwenye timu haki ya kuuendeleza mkataba kwa mwaka mwingine, na mkataba huo mpya ulikuwa na kifungu kilekile. Basi mwaka ulizaa mwaka, na mchezaji hakutoka. Hakuweza kuzungumza na timu nyingine hata kama ilikuwa tayari kumlipa mara mbili. Lakini mwenye timu aliweza kumwuza, kumbadilisha na mwingine, au kumwacha. Asiyetaka kwenda alikuwa na njia moja tu, kuacha mchezo. Nchini Marekani zipo sheria zinazokataza matajiri kupatana ili kuzuia ushindani wa biashara, ila mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya nchi ile iliamua kwamba sheria hizo haziugusi mchezo wa besiboli.

Flood alichezea St. Louis miaka 12, toka 1958 mpaka 1969. Kazi yake ilikuwa kulinda katikati ya sehemu ya nyuma ya uwanja, mahali panapotaka mbio na hesabu ya macho. Alipata tuzo ya walinzi bora miaka saba mfululizo, toka 1963 mpaka 1969. Mwaka 1966 alicheza msimu mzima bila kosa hata moja la kudaka au kutupa mpira. Timu yake ilitwaa ubingwa mwaka 1964 na mwaka 1967. Mwaka 1968 walifika tena fainali, lakini katika mchezo wa mwisho mpira mmoja ulimpita Flood juu ya kichwa, na Detroit wakashinda. Hivyo ndivyo ulivyo mchezo: mtu hudaka mipira maelfu, na watu wakaukumbuka ule mmoja.

Wasomaji wapendao kandanda watafurahi kujua kwamba mwaka huo huo wa 1968 Wazambia wenzetu Freddie Mwila na Emment Kapengwe walikuwa Marekani wakiichezea Atlanta Chiefs. Timu hiyo ilikuwa mali ya wenye timu ya besiboli ya Atlanta Braves, nayo ilitwaa ubingwa wa Marekani mwaka ule. Kwa hiyo ndugu zetu hao walikuwa wakisakata mpira katika uwanja uleule ambao Flood na wenzake walikuwa wakifikia kucheza na Braves.

Mwaka 1969 mshahara wa Flood ulifika dola 90,000, fedha nyingi sana kwa siku zile. Mwenye timu, August Busch, tajiri wa kiwanda cha pombe, alianza kunung'unika kwamba wachezaji wanadai fedha kupita kiasi. Msimu haukwenda vizuri. Mwezi wa Oktoba Flood alipigiwa simu nyumbani na mtumishi wa timu, si mkubwa wake. Aliambiwa kwamba yeye na wenzake watatu wanakwenda Philadelphia, na Dick Allen pamoja na wengine wawili wanakuja mahali pao. Miaka 12 ya kazi ilikwisha kwa maneno machache ya simu.

Philadelphia hawakumdhulumu mshahara. Walikuwa tayari kumpa kama dola 100,000. Hapo ndipo wapenzi wa mchezo walipogawanyika. Wengine walisema: Mtu gani huyu akataaye mali kama hiyo kwa kucheza mpira, na hali mfanyakazi wa kiwandani hapati hata sehemu ya kumi yake? Walisema pia kwamba kila mchezaji akienda atakako, timu tajiri zitawachukua wote walio hodari, na timu maskini zitakufa. Wengine walijibu kwamba mwalimu, seremala na mwashi wote huchagua mahali pa kufanya kazi, na hakuna shule wala karakana iliyokufa kwa sababu hiyo. Flood mwenyewe alipoulizwa katika televisheni alieleza kwamba wingi wa mshahara haubadili hali ya mtu auzwaye bila ridhaa yake.

Sisi wa pande hizi tunalielewa neno hilo upesi. Livingstone alipofika kwenye Ziwa Mweru mwezi wa Novemba 1867, misafara ya pembe na watumwa ilikuwa ikipita katika nchi hizi. Simaanishi kwamba mchezaji wa dola 90,000 aliteswa kama mababu zetu waliofungwa minyororo. Hakuteswa hivyo. Lakini swali lililoulizwa ni moja: Je, mtu aweza kuandikwa katika daftari ya mtu mwingine pamoja na mali yake?

Flood alikwenda kwa Marvin Miller, kiongozi wa chama cha wachezaji. Miller hakumdanganya. Alimwambia kwamba kesi hiyo yaelekea kushindwa, kwamba hatapata kazi tena katika besiboli, na kwamba hata akishinda faida itakuwa ya watakaomfuata. Flood aliuliza kama wengine watafaidika kweli. Aliposikia kwamba watafaidika, alikubali. Desemba 1969 wajumbe wa wachezaji walikutana Puerto Rico, wakakata shauri chama kilipe gharama za mawakili. Tarehe 24 Desemba Flood alimwandikia barua Bowie Kuhn, msimamizi mkuu wa mchezo, akitaka apewe ruhusa ya kusikiliza timu nyingine pia. Kuhn alikataa. Januari 1970 kesi ikafunguliwa.

Ilisikilizwa New York mwaka huo huo wa 1970. Jackie Robinson, mtu mweusi wa kwanza wa karne ya 20 kucheza katika ligi kuu, alikuja kumshuhudia, ingawa alikuwa amezeeka kwa ugonjwa. Wachezaji waliokuwa bado kazini hawakuonekana hata mmoja, kwani kila mtu aliogopa mkate wake. Flood alishindwa, akakata rufani, akashindwa tena. Tarehe 19 Juni 1972 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu: majaji watano walimkataa, watatu walikuwa upande wake. Wa tisa alijitoa, maana alikuwa na hisa katika kampuni ya pombe ya Busch. Hao watano walikiri kwamba kuiacha besiboli nje ya sheria ni jambo lisilo la kawaida, ila walisema kazi ya kulitengeneza ni ya Bunge.

Wakati huo Flood alikuwa amekwisha kuharibikiwa. Mwaka wote wa 1970 hakucheza. Mwaka 1971 alijaribu na timu ya Washington, lakini mwili haukumtii tena. Alicheza mara 13 tu, akaacha. Madeni yalimwandama, na pombe ikamshika. Alikwenda kisiwa cha Majorca, Hispania, akafungua baa, nayo haikumletea raha. Sifichi jambo hili, kwa sababu maisha ya mtu mashuhuri yakisimuliwa nusu humdanganya msomaji.

Lakini mbegu yake ilikwisha kuota. Mwaka 1973 wenye timu walikubali kwamba mchezaji aliyecheza ligi kuu miaka kumi, na mitano ya mwisho katika timu moja, asihamishwe bila ridhaa yake. Kanuni hiyo ingaliwekwa mapema, Flood asingalihamishwa. Kisha tarehe 23 Desemba 1975 mwamuzi Peter Seitz alitoa hukumu katika shauri la Andy Messersmith na Dave McNally. Alisema kwamba mwaka mmoja wa nyongeza maana yake ni mwaka mmoja, si milele. Mnyororo ukakatika. Walioogopa kwenda mahakamani wakawa huru, na aliyekwenda alikuwa mbali, hana kitu.

Baadaye Flood alirudi Oakland. Mwaka 1978 alitangaza michezo ya timu ya Oakland katika redio, kisha akawafundisha watoto mchezo. Mwaka 1986 alimwoa Judy Pace, mwigizaji wa sinema, akaacha pombe. Alifariki Los Angeles tarehe 20 Januari 1997 kwa maradhi ya koo, siku mbili baada ya kutimiza miaka 59. Mwaka 1998 Marekani ilipitisha sheria yenye jina lake, iliyowapa wachezaji wa ligi kuu ulinzi aliounyimwa yeye.

Je, wale waliosema timu maskini zitakufa walisema kweli? Timu hazikufa. Mabishano ya mishahara hayakwisha pia. Timu ikipita kiwango fulani cha mishahara hulipishwa kodi, na mwaka 2024 kiwango hicho kilikuwa dola milioni 237. Desemba 1995 mahakama ya Ulaya iliamua shauri la Jean-Marc Bosman, na wachezaji wa kandanda nao wakaweza kuhama mikataba yao ikiisha. Desemba 2023 Shohei Ohtani, mtu wa Japani, aliahidiwa dola milioni 700 kwa miaka kumi na timu ya Los Angeles Dodgers. Wengine hushangaa wingi wa fedha hizo. Mimi nashangaa jambo jingine: timu hiyo aliichagua mwenyewe.

Ndugu zangu wanafunzi, nanyi mliotutangulia kutoka shuleni hapa, wengi wetu tutatia sahihi mikataba ya kazi, kama si migodini basi madukani, ofisini au kwa matajiri wa nyavu. Tuusome mkataba hata mwisho kabla ya kushika kalamu. Na mwenzetu akisimama peke yake kudai haki itakayotufaa sote, angalau twende tukakae nyuma yake mahakamani, aone kwamba si peke yake.