Kimathi: Siku 120 kutoka msituni hadi kitanzini

DEDAN Kimathi alikaa msituni kwa miaka kadhaa bila kunaswa, lakini mahakama ya mkoloni haikuhitaji muda mrefu kuyakatiza maisha yake.

Alizaliwa Oktoba 31, 1920 huko Tetu, Nyeri. Alisomea Tumutumu, akafanya kazi ya ualimu, kisha akawa katibu wa tawi la chama cha KAU. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 20, 1952, aliingia misitu ya Nyandarua na kuwa kiongozi mashuhuri wa Mau Mau.

Kwa kawaida, mshtakiwa wa kosa kubwa alifikishwa kwanza mbele ya hakimu, ushahidi ukapimwa, ndipo akangoja kikao cha Mahakama Kuu. Mwaka wa 1953 serikali iliunda mahakama maalumu za hali ya hatari, zilizoiruka hatua hiyo ili kesi ziende mbio. Waafrika zaidi ya 1,000 walinyongwa katika vita hivyo.

Kimathi alipigwa risasi ya mguu na kukamatwa Oktoba 21, 1956. Hakushtakiwa kwa mauaji, bali kwa kupatikana na bastola na risasi, kosa ambalo chini ya sheria za wakati huo adhabu yake ilikuwa kifo.

Siku 29 baadaye, Novemba 19, kesi ilianza Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na wazee watatu Waafrika waliokuwa washauri wake. Kimathi alijitetea kwamba alikuwa njiani kujisalimisha. Utetezi huo ulikataliwa, na Novemba 27 akahukumiwa kunyongwa.

Rufaa yake ilitupwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki Desemba, na mnamo Februari 1957 Baraza la Faragha jijini London likakataa kuisikiliza. Alfajiri ya Februari 18, alinyongwa katika gereza la Kamiti, siku 120 tangu akamatwe, akiwa na umri wa miaka 36.

Alizikwa humo gerezani katika kaburi lisilo na alama. Mjane wake, Mukami, aliomba kwa miongo mingi apewe mabaki ya mumewe ayazike kwa heshima. Alifariki Mei 2023 kabla ya kuyapata. Mahakama ilijua kuharakisha kesi. Haki ya familia ndiyo iliyochelewa.