Adriano Atiman, Mganga wa Karema

Sisi huku Ziba, tunaoijua shida ya mgonjwa aliye mbali na hospitali, tunamkumbuka Katekista Adriano Atiman. Alizaliwa katika nchi ya Mali ya leo, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria. Alisomea uganga Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, pamoja na wamisionari. Hakurudi kwao. Kwa zaidi ya miaka 65 alitibu wagonjwa na kufundisha dini. Mwanawe Yosefu akawa padre. Alifariki mwaka 1956. Mwaka uliofuata, madaktari wa ndege wa AMREF walianza kazi Nairobi. Ndege hatuna, miguu tunayo. Tuwaendee wagonjwa wetu.