Agnes Pockels: Mwanasayansi wa jikoni

Ukiosha vyombo leo, hebu tazama lile tone linaloning'inia kwenye mfereji kabla halijaanguka. Maji yana kitu kama ngozi nyembamba juu yake. Wataalamu wanaita mvutano wa uso. Bila huo mvutano hakuna matone, hakuna umande kwenye nyasi. Viluwiluwi wa mbu wangekosa pa kuning'inia wakivuta hewa, na hapo wengi tungeshangilia. Lakini shambani maji hayangepanda kwenye vijitundu vya udongo kufikia mizizi, na kicheko kingeisha.

Sasa, unajua ni nani alitengeneza njia nzuri ya kuupima? Msichana aliyekuwa akisugua sufuria.

Agnes Pockels alizaliwa Venice mwaka wa 1862, babake akiwa mwanajeshi wa Austria. Malaria ikawasumbua, familia ikahamia Braunschweig, Ujerumani. Shuleni Agnes alipenda fizikia kweli kweli, lakini vyuo vikuu huko havikuwa vikipokea wanawake. Ndugu yake mdogo, Friedrich, akaenda kusoma Göttingen. Yeye akabaki kuwauguza wazazi, akisoma vitabu alivyoletewa na Friedrich. Mimi chuo nilikiacha mwenyewe, karo iliponilemea. Huyu mwenzetu hata mlango hakufunguliwa.

Akiwa na miaka kama 20 hivi, alichukua chombo cha bati, akakijaza maji hadi pomoni, akalaza kipande cha bati juu yake. Akikisukuma, uso wa maji unabanwa, akikirudisha, unapanuka. Kisha akaning'iniza kwenye mizani kisahani saizi ya kifungo, akakigusisha maji, akapima nguvu inayohitajika kukibandua. Mafuta kidogo tu yakiingia, nguvu inapungua. Ndiyo maana sabuni hufanya maji yapenye nguo, by the way.

Alifanya hivyo karibu miaka 10 bila kuchapisha chochote. Januari 1891 akamwandikia Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza aliyekuwa akichunguza jambo hilo hilo. Mkewe Rayleigh akatafsiri barua kutoka Kijerumani, na Rayleigh akaipeleka kwa jarida la Nature, likaichapisha Machi. Kwa jina la Agnes, si lake. Si wengi wangefanya hivyo.

Baadaye Mmarekani Irving Langmuir alikiboresha kile chombo, na mwaka wa 1932 akapata Tuzo ya Nobel kwa utafiti wake wa nyuso. Mwaka huo huo, chuo cha ufundi cha Braunschweig kikampa Agnes shahada ya heshima ya udaktari. Alikuwa ametimiza miaka 70. Alifariki 1935.