Nettie Stevens, mwanamke aliyegundua siri ya jike na dume

Katika mji wa Guangzhou, kusini mwa China, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen walianza mwaka 2015 kuachilia mbu dume kwa wingi ili kupambana na homa ya dengue. Mbu dume haumi, anayenyonya damu ni jike. Mbu hao walibeba bakteria ya Wolbachia, na mayai ya majike wa porini waliopandana nao hayakuanguliwa. Habari hiyo inatukumbusha Mmarekani mmoja aliyewahi kuchunguza mbu zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Nettie Stevens alizaliwa mwaka 1861 katika jimbo la Vermont, akiwa binti wa seremala. Alifundisha shule kwa miaka mingi huku akiweka akiba, na alipoingia Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1896 alikuwa na umri wa miaka 35. Mwaka 1903 alipata shahada ya udaktari katika Chuo cha Bryn Mawr.

Mwaka 1905, akichunguza funza wa unga kwa darubini, aliona kuwa seli za jike zina kromosomu kubwa 20, lakini za dume zina kubwa 19 na moja ndogo. Mbegu yenye kromosomu ndogo huzaa dume, na isiyo nayo huzaa jike. Edmund Wilson alifikia matokeo yanayokaribiana naye mwaka huo huo, na kwa muda mrefu sifa zilimwendea yeye zaidi.

Leo kromosomu hizo zinaitwa X na Y. Wanasayansi wanaeleza kuwa kwa binadamu zamani zilikuwa jozi inayofanana, kisha Y ikapoteza jeni zake nyingi. Kwa mbu wa dengue, jozi hiyo bado inakaribia kufanana.

Stevens alifariki dunia mwaka 1912 kwa saratani ya matiti, akiwa na miaka 50, kabla ya kushika nafasi ya uprofesa aliyotengewa.

Ndugu wasomaji, kwetu na hata China, wako wanawake walioachwa au kuletewa mke mwenza kwa kuzaa mabinti watupu. Kumbe yai la mama daima hubeba X, na mbegu ya baba ndiyo inayoleta X au Y. Lawama hizo hazikuwa zao.